Neno "gean" kwa Kiswahili tuliiteje? Ni mti wa Uskoti, msaada tafadhali

Binti_Mikindani

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Nina swali la neno moja tu lakini limenikalisha siku ya tatu leo na kazi haisogei.

Kuna bibi mmoja Mskoti alikuwa nesi huku kwetu kusini miaka ya sitini, sasa ni mzee sana yuko kwao, ameandika kumbukumbu zake kama kurasa arobaini hivi na anataka ziwekwe kwa Kiswahili ili wale aliofanya nao kazi, waliobaki, na wajukuu zao wasome. Kazi nimepewa mimi kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa naye wodini, ndo wanaandikiana mpaka leo kupitia simu yangu. Sasa mwanzo tu, ukurasa wa kwanza, anaelezea nyumba ya kwao alipozaliwa na anasema langoni kulikuwa na "gean". Si "cherry", kaandika gean, mara tano nimehesabu. Kwa Kiswahili changu cha haraka haraka sentensi yenyewe iko hivi: "Langoni kwetu palikuwa na gean mmoja mkubwa, mwezi wa tano unakuwa mweupe wote kama umetandikwa shuka, na mwezi wa saba tunaanza kugombana na ndege."

Nikaweka kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Mara ya kwanza ikaniambia "jeni". Nikaweka sentensi nzima ikaniambia "jinzi". Yaani langoni kulikuwa na jinzi moja kubwa, mwezi wa tano inakuwa nyeupe 😂😂 nikafunga simu nikaenda kununua samaki.

Kwa anayejua: huu ni mti gani, na sisi tuuiteje ili mtu wa Mikindani akisoma aelewe bila kukwama?

kuchele_boy

itakuwa kakosea kuandika huyo bibi wa watu alitaka kuandika bean. maharage hayo dada. unahangaika bure

Binti_Mikindani

Kaka maharage yanapandwa na watoto mpaka juu? Anasema kaka yake alianguka kutoka kwenye tawi akavunjika mkono.

kuchele_boy

maharage ya Uskoti hujui wewe 😂 haya nimekaa pembeni nasoma

Mwalimu_Masasi

Marahaba Binti. Bibi hajakosea, neno lipo, ila ni la zamani na siku hizi hata Waingereza wengi wa mjini ukiwatamkia watakukodolea macho. Gean ni mcheri wa porini, ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Prunus avium. Kwanza lisome vizuri, G yake ni ya "giza" siyo J ya "jiwe", na hiyo ea ni i ndefu, kwa hiyo ni "giin". Ukilisoma "jin" utakuwa umempeleka msomaji kwenye pombe au kwa mashetani.

Lilitoka Ufaransa. Wafaransa wa zamani walikuwa na guine, leo wanaandika guigne, ni aina ya cheri, likavuka bahari likaingia Kiingereza kwenye karne ya 16, na Waskoti ndio waliolishika mpaka leo. Kusini kwa Uingereza wao walikuwa na maneno mengine ya mti huohuo. Devon wanasema mazzard, na sehemu nyingine walisema merry, ambalo limetoka kwenye merise, neno la Kifaransa la cheri ya porini.

Hapo kwenye merise kuna jambo mimi nalipenda sana na nilikuwa nawachekesha nalo wanafunzi. Mwingereza aliposikia merise akadhani hiyo s ya mwisho ni ya wingi, akaikata, akabaki na merry. Na "cherry" yenyewe ni hivyo hivyo! Wanormandi wa Ufaransa walikuwa wanasema cherise, ni moja hiyo, tunda moja, Mwingereza akaona mengi, akakata s apate moja. Sasa kabla hujamcheka angalia sisi. Waarabu walitupa kitab, hiyo ki ni ya kwao ndani ya neno, sisi tukaiona ki- ya kiti na kisu, tukatoa vitabu. Wazungu wakaweka mzunguko barabarani na kibao cha kukaa kushoto, sisi tukapata kipilefti, na viwili vikawa vipilefti. Na ile bati ya juu ya tairi la baiskeli, madigadi, watu wakaona ma- ya wingi wakasema "digadi moja limekatika". Kila mtu anahesabu kwa vidole vyake.

Kuhusu mti wenyewe nitarudi, kuna wageni wamefika.

FundiRanda_Lindi

Mimi miti ya Ulaya naijua ikishakuwa mbao tu 😀 lakini huo cheri nimewahi kuushika. Kuna mteja aliniletea kimeza kidogo cha zamani cha urithi, mguu mmoja umelegea na kona imeliwa na wadudu, akasema kimetoka Ulaya na ni cheri. Nikakipiga msasa kidogo chini pale pasipoonekana. Rangi yake ndani ni kama nyekundu ya mbali iliyochanganyika na kahawia, yaani ukichukua mninga ukauchuja kwenye maji mara tatu. Lakini juu palipopigwa na jua miaka yote pameiva mpaka pamekuwa pekundu pa kukolea. Nyuzi zake zimelala vizuri sana, patasi inapita kama kwenye sabuni. Uzito hauko mbali na mninga, siyo mpingo ambao ukiutupa majini unazama kama chuma.

Nilitafuta mbao ya kufanania kuziba ile kona nikakosa nikaweka mninga mweupe mweupe nikaupaka chai ya rangi. Mteja hakujua, na msimwambie.

Kwa hiyo dada ukiandika "mti wa mbao nyekundu" utakuwa hujadanganya.

Binti_Mikindani

Fundi asante lakini mti huu watoto wanaupanda na kula matunda, siwezi kuuita mbao 😂 Mwalimu tunakusubiri.

Mama_Tandahimba

Mwanangu mbona unahangaika na kitu kipo. Tunda dogo, jeusi likiiva, duara, kokwa kubwa nyama kidogo, watoto na ndege wanagombania, mti wa porini lakini unaachwa nyumbani kwa ajili ya watoto. Hilo ni fuu. Andika mfuu uendelee na ukurasa wa pili. Tulikuwa tunatoka shule tunapita kwenye mfuu kwanza tunakula mpaka ulimi unakuwa kama umelamba mkaa, ukifika nyumbani mama hakuulizi ulikuwa wapi anakwambia toa ulimi. Siku hizi wanauza kwa mafungu stendi, fungu dogo hata kiganja hakijai.

kuchele_boy

sisi tunaita mafudu

Mama_Tandahimba

Mafudu, mafuu, mafuru, ni yale yale tu, inategemea umezaliwa wapi.

Mwalimu_Masasi

Nimerudi. Mama Tandahimba shikamoo, na umesema vizuri jinsi tunda lilivyo, ila niruhusu nipinge. Mfuu ni ukoo mwingine kabisa. Majani ya mfuu ni kama kiganja, vidole vitano kwenye kikonyo kimoja, na ua lake ni dogo la rangi ya zambarau mpauko. Gean jani lake ni moja moja, refu kidogo, pembeni lina meno ya msumeno, na ua lake ni jeupe la petali tano, yanatoka mengi kwa pamoja kabla majani hayajakunjuka sawasawa. Ndiyo ile shuka anayoisema bibi. Ukiandika mfuu, msomaji wa hapa ataona mfuu anaoujua, halafu anafika kwenye shuka nyeupe anashangaa, tangu lini mfuu ukawa mweupe?

Na mti ni mrefu, unaweza kufika mita 25, hata 30 mahali penye rutuba. Gome lake ndilo linaloutambulisha hata wakati hauna jani. Ni jekundu kahawia, linang'aa kama limepakwa mafuta, na lina mistari inayolizunguka shina kwa upana, kama pete juu ya pete, likizeeka linabanduka kwa mzunguko huohuo. Tunda linaiva Juni na Julai, linaanza jekundu, likiiva sana linakaribia weusi. Ni dogo, kama sentimita moja na kidogo. Ladha inategemea mti, huu mtamu, wa jirani mchungu mpaka unafumba jicho. Ndani kuna kokwa moja laini ya duara, na ukiipasua ile mbegu ina harufu ya lozi chungu. Msiile. Ina sumu ya jamii ileile iliyomo kwenye mihogo michungu, ile inayotufanya tuloweke na kuanika makopa.

Jina la kitaalamu nalo lina mtego. Avium ni Kilatini, maana yake "ya ndege". Wajerumani wanatafsiri hivyo hivyo, Vogelkirsche, cheri ya ndege. Mimi nilisikia kwanza neno hilo kwa padre mmoja Mjerumani, maana ukiwa mtu wa Masasi huwezi kukosa Mjerumani wa kukufundisha jambo, Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906. Lakini Mwingereza akisema "cheri ya ndege" kwa Kiingereza chake anamaanisha mti mwingine, mdogo zaidi, matunda yake yananing'inia kama kishada na ni machungu. Kwa hiyo Binti, ukikuta mahali mtu amekuandikia "cheri ya ndege" usiichukue haraka, muulize kwanza ni ya ndege wa Kijerumani au wa Kiingereza.

Pendekezo langu: "mcheri mwitu". Tunda "cheri mwitu". Kiswahili safi, kifupi, kila mtu anaelewa.

Mbebeshaji

Mwalimu heshima yako lakini hapo kwenye mwitu mimi nakataa. Nafanya kazi ya kubebesha miche ya mikorosho na miembe, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja juu ya mche wa mwingine, nilifundishwa na watu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, na nitasema kama mtu wa miche siyo mtu wa lugha.

Kwetu neno mwitu likikaa nyuma ya kitu ujue kitu hicho sicho. Mtomoko mwitu si mtomoko wa nyumbani uliotoroka, ni mti mwingine unaofanana nao, kila mmoja na yake. Mbwa mwitu si babu wa mbwa wa kwako, ni mnyama mwingine kabisa, hata umfuge vipi hatakuzalia mbwa. Nguruwe mwitu hivyo hivyo. Mwitu kwa Kiswahili ni kama kusema "anafanana naye, lakini siye".

Sasa huu gean, kama ni Prunus avium, basi ndio cheri wenyewe! Zile cheri tamu kubwa za madukani kwao ni mti huohuo, watu walichagua wenye matunda makubwa vizazi na vizazi wakaubebesha. Na wanabebesha juu ya nini? Juu ya miche ya huohuo wa porini, mara nyingi, kwa sababu mizizi yake ina nguvu na inauzoea ule udongo. Yaani huo wa langoni ndiye mama na ndiye mbebaji. Sasa mama unamwitaje mwitu?

kuchele_boy

na paka mwitu je? paka wa nyumbani walitokana na yule paka mwitu wa Afrika nilisoma mahali. kwahiyo mwitu inaweza kuwa mama. Mbebeshaji umeteleza hapo 😎

Mbebeshaji

😂 kijana umenikamata. Kwa paka nakubali. Lakini paka mmoja hawezi kushinda mbwa, nguruwe na mtomoko.

Mwalimu_Masasi

Kuchele leo umekula nini? Hoja ya paka ni ya kweli. Lakini na mimi nikiri kwamba Mbebeshaji amenitikisa, sikuwa nimeliangalia neno mwitu kwa upande huo. Wewe ungeuitaje?

Mbebeshaji

Kuku mdogo, mgumu kidogo, mtamu kuliko wa banda, anajitafutia mwenyewe, ndiye alikuwepo kabla ya hawa wa kisasa: tunamwitaje? Embe ndogo yenye nyuzi ya mwembe wa babu, kabla ya hizi za kubebesha: tunaiitaje?

Ya KIENYEJI. Cheri ya kienyeji. Mcheri wa kienyeji. Basi.

Mama_Tandahimba

Hapo umesema baba. Nakunja fuu langu nakaa.

FundiRanda_Lindi

Mbao ya kienyeji, naipenda hiyo 😀

Dada_wa_Nachingwea

Samahani naingia katikati, hivi haiwezekani ukaandika tu mgini? Tunda gini, mengi magini. Maneno mangapi tumechukua hivyo, mpapai, mstafeli, mfenesi, hakuna aliyelalamika. Bibi wa watu kaandika gean mara tano, hakuandika cheri, ina maana kwake hilo neno lina kitu. Ukilifuta lote ukaweka cheri ya kienyeji utakuwa umemtolea mti wake langoni ukapanda wa kwako.

Binti_Mikindani

Dada wa Nachingwea hapo umenigusa kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanisumbua tangu siku ya kwanza ila sikujua kukisema. Lakini magini! Bibi yangu akisikia "tulipanda mti tukala magini" si atasema huyu mwenzangu alikula majini 😂😂

Nimemwandikia yule bibi wa Uskoti nikamuuliza kwa nini gean na siyo cherry. Nasubiri jibu, yeye hujibu usiku.

kuchele_boy

wakati tunasubiri, swali la kizushi. huu mti tukipanda Mtwara utaota? nina uwanja Chuno nyuma ya nyumba

Mbebeshaji

Utaota labda, hautazaa. Miti ya aina hii inahitaji baridi ya kulala, mamia ya saa chini ya nyuzi 7 hivi kila mwaka, ndipo iamke itoe ua. Sisi hapa hata Julai usiku ukijifunika shuka mbili hatufiki huko. Panda mfuu wa Mama Tandahimba.

Mwalimu_Masasi

Ndugu yake wa Afrika lakini upo, Prunus africana, mti wa milimani, Kilimanjaro, Usambara, Kenya unakwenda mpaka Kameruni. Tunda lake si la kushindania, kinachotafutwa ni gome, linatengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya, na lilichunwa mpaka miaka ya 1990 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Kwa hiyo ukoo wa cheri haukuwa mgeni kabisa Tanzania, sema haukushuka pwani.

FundiRanda_Lindi

Na hao wenye cheri za kienyeji hawatengenezi chochote cha kuchangamsha? Maana sisi mabibo hayaozi bure 😀

Mwalimu_Masasi

Fundi nilijua utafika huko. Wanatengeneza. Wajerumani wa kusini na Waswisi wanachachusha cheri wanatonesha wanapata maji meupe makali yanaitwa Kirschwasser, yaani "maji ya cheri", kama vile sisi tungeita nipa "maji ya bibo". Haina rangi, haina sukari, inapanda kichwani kimya kimya. Wafaransa wa Anjou wao wana guignolet, hiyo ni tamu nyekundu, na jina lake limezaliwa na guigne ileile iliyozaa gean. Kwa hiyo neno moja lilitoka Ufaransa, lililobaki nyumbani likaingia kwenye chupa na lililokwenda Uskoti likapandwa langoni.

FundiRanda_Lindi

Lililobaki nyumbani ndilo lenye akili.

Binti_Mikindani

Amejibu! Nimesoma asubuhi kabla sijapiga mswaki. Nawawekea kwa Kiswahili, kwa ufupi.

Anasema alipokuwa mtoto hakujua kwamba gean ni cherry. Kwao kulikuwa na gean, mti, na kulikuwa na cherry, kile kitu chekundu cha dukani kinachokaa juu ya keki siku ya sikukuu, kimoja tu, na wanagombania nani akipate. Siku mwalimu wa shule alipowaambia ule mti wa langoni kwenu ni cherry, alirudi nyumbani akamuuliza baba yake kwa hasira kama mtu aliyetapeliwa, miaka yote hiyo tunagombania kimoja kwenye keki na mti mzima uko langoni? Baba akamwambia, huo ni gean, wacha mwalimu aseme. Anasema mama yake naye hakuwahi kuuita jina lingine mpaka anakufa.

Halafu akaniuliza, nyinyi hamna kitu chenye majina mawili, moja la nyumbani na moja la shule?

Mama_Tandahimba

Tunavyo vingi mpaka aibu. Mimi ming'oko nilijua kwa Kiswahili cha shule inaitwa viazi vya porini nikiwa darasa la nne. Nikasema hivi siyo viazi. Mpaka leo nasema siyo viazi.

Dada_wa_Nachingwea

Si mnaona sasa. Mwandikie mgini.

Mbebeshaji

Mimi naona hata huyo baba yake anakubaliana na mimi. Gean ya langoni na cherry ya keki, ndiyo kuku wa kienyeji na kuku wa banda. Na ile cheri ya keki hata siyo cheri tena, imeloweshwa sukari na rangi mpaka imesahau kwao.

Mwalimu_Masasi

Binti, mkiweza kuafikiana, fanyeni hivi. Mara ya kwanza neno likitokea, liache gean kama alivyoandika, liambatanishe na maelezo mafupi ndani ya sentensi yenyewe, usiweke mabano wala nyota chini ya ukurasa, watu wa umri wa bibi yako hawasomi chini ya ukurasa. Mara ya pili mpaka ya tano tumia tu "gean" kama jina la mti, ngeli ya m-/mi- kwa upatanisho, "gean ule", "gean uliangusha". Wingi hauhitaji, mti ulikuwa mmoja.

Dada_wa_Nachingwea

Mwalimu hiyo nimeikubali, maana gean ule inasikika kama mti kabisa.

Binti_Mikindani

Basi nimefanya, na jana jioni nikamsomea bibi barazani. Nimeandika hivi:

"Langoni kwetu palikuwa na gean mmoja mkubwa, ndio cheri ya kienyeji ya Uskoti, matunda madogo kama mafuu, mekundu yakielekea weusi. Mwezi wa tano gean ule unakuwa mweupe wote kama umetandikwa shuka, jani huoni. Mwezi wa saba tunaanza kugombana na ndege, na ndege wanashinda."

Hiyo "kama mafuu" nimemwekea Mama Tandahimba, ni mfano tu, mwalimu usinichape.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, nikadhani kasinzia. Mara akasema, "Ndo maana." Nikamuuliza ndo maana nini. Akasema yule alikuwa hatupi kokwa ya embe. Wenzake wakila wanatupa dirishani, yeye anaosha, anaifunga kwenye kipande cha gazeti, jioni anakwenda kuifukia nyuma ya wodi, na walikuwa wanamcheka kwamba mzungu anazika embe. Akasema miembe miwili ilikuwepo, mmoja ulikatwa wakati wa kujenga ukuta. Jina gean bibi hakuliuliza kabisa, alilipita kama analijua.

Mama_Tandahimba

Huo uliobaki nenda kauchukulie picha umtumie.

Binti_Mikindani

Jumamosi naenda. Mungu akipenda.

Mbebeshaji

Ukifika angalia shina lake, kama limetoka kwenye kokwa bila kubebeshwa utakuta limenyooka juu sana kabla halijagawanyika matawi. Niambie.

kuchele_boy

aisee nilikuja kutania nimekaa mpaka mwisho. asanteni wakuu

Binti_Mikindani

Asanteni wote kwa kweli, mmenitoa mbali. Nimeanza ukurasa wa pili, mstari wa tatu tu nimekuta "byre". Msinikimbie.

Mwalimu_Masasi

Zizi la ng'ombe, lenye paa na kuta. Hilo halina ugomvi.